Fijiana: Mabingwa wa Aprili, kipigo cha Oktoba

Tarehe 23 Aprili 2022, jijini Melbourne, kikosi cha wanawake kutoka Fiji kiliwafunga New South Wales Waratahs 32-26 na kubeba taji la Super W, ligi kuu ya raga ya wanawake nchini Australia. Ulikuwa msimu wao wa kwanza katika ligi hiyo, na hawakupoteza mechi hata moja. Waratahs ndio waliokuwa watawala wa Super W tangu ilipoanzishwa mwaka 2018. Hadi msimu ule walipokutana na wageni hao, walikuwa hawajawahi kufungwa ndani ya ligi hiyo.

Tarehe 8 Oktoba mwaka uleule, katika uwanja wa Eden Park jijini Auckland, Fiji walicheza mechi yao ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia la raga la wanawake. England 84, Fiji 19.

Anayeifuatilia raga kwa mbali akiyaweka matokeo haya mawili pamoja atauliza kama kweli ni timu moja. Jibu linalotolewa upesi, na ambalo limerudiwa kuhusu timu za Pasifiki kwa miaka mingi, ni kwamba watu wa visiwani wana vipaji vya kuzaliwa lakini hawana nidhamu wala mpango. Jibu hilo silipendi. Linaudhi, ndiyo, lakini kubwa zaidi ni kwamba halielezi kitu. Wanawake hawa hawakupoteza nidhamu kati ya Aprili na Oktoba. Aliyebadilika ni mpinzani, na ili kuelewa alibadilika vipi inabidi tuanze na jina la timu, maana hapo ndipo wengi hupotea.

Jina moja, timu tatu

Fijiana ni jina la wanawake wanaoichezea Fiji raga, na linabebwa na timu tatu. Timu hizi huazimana wachezaji, lakini haziishi maisha ya aina moja.

Ya kwanza ni ile ya wachezaji saba kila upande. Ndiyo iliyojulikana mapema. Ilikwenda Rio 2016 ikamaliza ya nane. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021, ikiongozwa na nahodha Rusila Nagasau, iliwatoa Australia waliokuwa mabingwa watetezi kwa 14-12 katika robo fainali, ikashindwa na New Zealand nusu fainali baada ya muda wa nyongeza, kisha ikaifunga Uingereza 21-12 na kuondoka na shaba. Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa wanawake wa Fiji katika mchezo wowote. Paris 2024 mambo yaliharibika na wakamaliza mkiani.

Mashabiki wa Afrika Mashariki wanaijua Fiji kupitia mlango huohuo wa saba kwa saba. Wakenya hawajaisahau Aprili 2016 kule Singapore, Shujaa, timu ya wanaume ya Kenya, walipowachapa wanaume wa Fiji 30-7 katika fainali na kutwaa taji lao la kwanza la mfululizo wa dunia. Lakini mchezo huo una vipindi viwili vya dakika saba, uwanja mzima na watu 14 tu ndani yake. Nafasi ni kubwa, mbio ni nyingi, na timu inaweza kushinda bila kusukumana sana. Ukiukuza hadi watu 15 kila upande na dakika 80, unapata mchezo mwingine kabisa, unaohitaji miili ya aina nyingi zaidi na kazi nyingi zaidi zisizoonekana.

Ya pili, basi, ni timu ya taifa ya watu 15. Hii ndiyo iliyofungwa 84. Mwaka 2016 iliwafunga Papua New Guinea jijini Suva na kupata nafasi ya mchujo wa Kombe la Dunia, ikaenda Hong Kong, ikapoteza kwa Japani na kwa wenyeji, ikarudi nyumbani. Novemba 2019, mjini Lautoka, ilifuzu kupitia ubingwa wa kanda ya Oceania kwa Kombe la Dunia la 2021, ambalo janga la korona lililisogeza hadi 2022. Kwa hiyo kati ya kufuzu na kucheza ilipita karibu miaka mitatu.

Ya tatu ni Fijiana Drua. Hii kisheria ni klabu, tawi la wanawake la Fijian Drua, ambayo upande wa wanaume iliingia Super Rugby Pacific, ligi ya klabu za kanda hiyo, mwaka huohuo wa 2022. Ndiyo iliyobeba kombe pale Melbourne.

Klabu ambayo si klabu

Super W ilikuwa na klabu tano za Australia: Waratahs wa New South Wales, Reds wa Queensland, Brumbies wa Canberra, Force wa Perth na Rebels wa Melbourne. Wachezaji bora wa Australia wamegawanywa humo. Mshambuliaji hodari yuko Sydney, nambari kumi mzuri, yule anayeongoza mchezo, yuko Brisbane, na kwa wiki hizo chache wao ni maadui.

Fijiana Drua haikugawanywa. Ilikusanya karibu wote ambao Fiji ingewaita kwenye timu ya taifa, ikawavalisha jezi ya klabu, na hata kocha alikuwa mmoja, Senirusi Seruvakula, aliyewaongoza Drua katika ligi na baadaye timu ya taifa katika Kombe la Dunia. Ni kama Taifa Stars waingie ligi ya nchi jirani kama klabu, kila wiki wakutane na timu ya mkoa mmoja. Wakishinda ubingwa tutashangilia, na tutakuwa na haki ya kushangilia, lakini hatutasema wameifunga nchi jirani.

Ushahidi ulikuja haraka. Mei 2022, wiki chache tu baada ya fainali, Australia iliwakusanya wachezaji wake kutoka zile klabu tano, ikacheza na Fiji, ikashinda. Wachezaji walikuwa karibu walewale pande zote mbili, ila safari hii hakuna aliyekuwa amegawanywa.

Sisemi haya ili kulishusha lile kombe. Fiji ya 2022 ilikuwa bado chini ya kivuli cha korona, na kikosi kilihamia Australia, mbali na familia, ili kuweza kucheza. Mwaka uliofuata, Mei 2023 mjini Townsville, walilitetea taji kwa kuwafunga Reds 38-30. Mwaka 2024 Waratahs walilichukua tena, wakiwafunga Drua katika fainali. Fainali tatu katika misimu mitatu si bahati. Zaidi ya hapo, Super W iliwapa wanawake wa Fiji kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho, nacho ni mechi ngumu za watu 15 kila wiki kwa kipindi kizima, kwenye runinga, mbele ya watu wanaolipa kiingilio. Ligi hiyo imeifanyia kazi timu ya taifa kuliko kambi yoyote. Ila ligi yenyewe ni fupi: msimu wa kawaida una mechi kama tano hivi kabla ya mtoano.

Dakika 80 za Eden Park

Sasa turudi Oktoba. Ukisikia 84-19 unaweza kudhani ilikuwa mauaji tangu filimbi ya kwanza. Sivyo. Walipokwenda mapumzikoni England walikuwa mbele 24-14. Fiji walikuwa wamefunga trai mbili, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani, kwa namna yao inayojulikana: mchezaji anakabwa, anaanguka, na kabla goti halijagusa nyasi mkono mmoja tayari umeuachia mpira kwa mwenzake anayekuja kwa kasi. Mabeki wa England, waliokuja wakiwa wameshinda mechi 25 mfululizo, hawakuwa na dawa ya haraka ya mchezo huo.

Kipindi cha pili England wakapata pointi 60 na Fiji tano.

Chanzo cha tofauti hiyo kiko mbele, kwa wale wanane ambao kazi yao ni kusukuma. Mpira ukitoka nje ya mstari wa pembeni, timu inaurusha tena kati ya safu mbili za wachezaji. Mmoja hunyanyuliwa na wenzake, anaudaka hewani, anatua, na hapohapo wenzake wanamkumbatia na kuanza kusogea kama kundi moja kuelekea mstari wa trai, mpira ukiwa umefichwa nyuma kabisa. Hiyo ndiyo moli. Kisheria huwezi kuiangusha, huwezi kuingia kwa ubavuni. Unaruhusiwa tu kusukuma kutoka mbele. Ukishindwa, unafungwa. Ukivunja sheria ili usifungwe, mwamuzi anawapa adhabu, wanapiga mpira nje karibu zaidi na mstari wako, na moli inaanza upya.

England wa miaka ile waliifanya moli kuwa silaha yao kuu. Kuijua hakuhitaji kipaji cha ajabu. Kunahitaji watu wanane wanaorudia jambo lilelile mara mamia, wiki baada ya wiki, hadi miguu yao isogee kwa hesabu moja bila mtu kusema neno. Tangu Januari 2019 chama cha raga cha England kilikuwa kimewapa wachezaji 28 mikataba ya kudumu: kazi yao ni raga, mshahara wao ni raga. Baada ya mazoezi wanarudi kwenye klabu zao, katika ligi ya ndani yenye wachezaji wa mataifa mengi. Timu ya Fiji ilikuwa na kambi za mazoezi tu.

Halafu kuna benchi. Katika raga ya watu 15 kocha ana wachezaji wanane wa akiba, na timu tajiri huwaingiza wote. Dakika ya 50 mchezaji wa Fiji aliyechoka kusukuma anamwona mbele yake mtu mpya, mwenye uzito uleule na uzoefu karibu uleule wa aliyetoka. Kuanzia hapo mikono inachelewa, ile pasi ya mkono mmoja inaanguka chini badala ya kufika, na kila mpira ulioanguka unageuka trai ya upande wa pili. Wachambuzi wakaita hilo kukosa nidhamu.

Siku nane baadaye, Waitakere, Fiji walicheza na Afrika Kusini, timu ya kiwango chao. Sekunde zikiwa zinaisha, walikuwa nyuma. Karalaini Naisewa akaulazimisha mpira kuvuka mstari, na mechi ikaisha 21-17. Huo ndio ushindi wa kwanza wa Fiji katika historia ya Kombe la Dunia la wanawake. Kisha wakaenda Whangarei, Ufaransa wakawafunga 44-0. Mashindano yalikuwa na makundi matatu ya timu nne, na robo fainali ilikuwa na nafasi kwa washindi wa tatu wawili walio bora. Washindi wa tatu walikuwa watatu, na aliyebaki nje alikuwa Fiji.

Nyumbani

Fiji ina watu wasiofika milioni moja, waliotawanyika katika visiwa zaidi ya 300, na raga huko si mchezo wa ziada. Wanaume waliposhinda dhahabu ya Rio 2016, ambayo ilikuwa medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa nchi hiyo, benki kuu ilitoa noti ya dola saba ili kuwaenzi. Sijui nchi nyingine iliyobadilisha hesabu ya noti zake kwa ajili ya mchezo.

Heshima hiyo ilikuwa ya wavulana. Wachezaji kadhaa wa Fijiana wamesimulia hadharani jinsi walivyoambiwa nyumbani kwamba mchezo huu si wa wanawake, jinsi viatu vilivyofichwa, na jinsi baadhi yao walivyofukuzwa. Medali ya Tokyo na kombe la Melbourne vimelainisha mengi. Mzazi aliyekuwa akikataa anamwona binti wa jirani kwenye runinga, tena binti huyo analipwa. Lakini msichana wa Fiji anayeanza leo bado anaanza nyuma ya kaka yake. Shule za wavulana zina mashindano makubwa yenye historia ndefu, vijiji vina timu za wanaume, na uwanja ukiwa mmoja hakuna asiyejua nani atautumia jioni.

Hata ndani ya chama mambo hayajawa shwari. Mapema 2023 malalamiko ya wachezaji kuhusu walivyotendewa katika kipindi cha Kombe la Dunia yalifika kwenye vyombo vya habari, na Aprili mwaka huo World Rugby, shirikisho la raga la dunia, iliisimamisha Fiji kwenye Baraza lake kwa sababu ya utawala wa chama. Timu ziliruhusiwa kuendelea kucheza. Wiki chache baadaye ndipo Drua walipokwenda Townsville na kulitetea taji lao.

Ratiba, na hesabu zake

Hapa ndipo penye fundo kubwa, na naomba msomaji anivumilie kidogo maana kuna hesabu.

Timu sita za Ulaya, yaani England, Ufaransa, Ireland, Italia, Scotland na Wales, hucheza Six Nations kila mwaka. Kila moja ina mechi tano za uhakika dhidi ya wapinzani wa nguvu. Ukifungwa zote tano, mwakani unarudi. Hakuna kushuka daraja na hakuna wa kupanda. New Zealand, Australia, Kanada na Marekani wana michuano yao wenyewe, Pacific Four, ambayo licha ya jina haina hata kisiwa kimoja kati ya Fiji, Samoa na Tonga. Fiji wana ubingwa wa Oceania, ambako wapinzani wao ni Samoa, Tonga na Papua New Guinea, na baada ya hapo kwa miaka mingi walitegemea kualikwa.

Viwango vya World Rugby havisaidii. Kila timu ina alama kati ya 0 na 100, na wanapocheza wawili, alama huhama kutoka kwa aliyefungwa kwenda kwa mshindi. Ukimfunga aliye juu yako unachukua nyingi, ukimfunga aliye chini unachukua chache. Mwenyeji huhesabiwa kama ana alama tatu zaidi. Ushindi wa zaidi ya pointi 15 huongeza kilichohama kwa nusu, na katika Kombe la Dunia kila kitu huzidishwa kwa mbili. Pengo kati ya timu mbili likifika alama kumi, mkubwa akishinda hapati chochote na mdogo hapotezi chochote.

Sasa tazama Fiji. Wakicheza na Papua New Guinea wakashinda kwa pointi mia, hawapandi. Wakicheza na England wakafungwa kwa pointi mia, hawashuki. Wanaoweza kuwapandisha ni wale wa katikati, kina Wales, Scotland, Japani na Afrika Kusini, na hao ndio ambao ratiba huwakutanisha nao mara chache. Timu inaweza kuwa bora kuliko ilivyokuwa mwaka jana na namba yake isisogee, kwa sababu tu haikupata mtu wa kuipima. Halafu namba hiyohiyo hutumika kuamua nani aalikwe wapi.

World Rugby walijaribu kulitibu hili mwaka 2023 kwa kuanzisha WXV, michuano ya kila mwaka ya timu 18 katika madaraja matatu. Fiji waliwekwa daraja la tatu, lililochezwa Dubai, pamoja na Ireland, Uhispania, Kolombia, Kazakhstan na Kenya. Ndiyo, Kenya: Lionesses walikuwa kapu moja na mabingwa wa Super W, ingawa ratiba haikuwakutanisha. Kwa Wakenya hiyo ilikuwa nafasi ya kupata mechi tatu za kimataifa mfululizo dhidi ya timu za nje ya Afrika. Kwa Fiji ilikuwa afadhali kuliko kukaa bure, lakini pengo kati ya Ireland na Kazakhstan katika daraja lilelile lilikuwa kubwa kiasi kwamba mechi nyingine hazikumfundisha mtu chochote. WXV ilichezwa miaka miwili, 2023 na 2024, kabla ya kubadilishwa muundo.

Swali la damu

Watu huuliza, mbona Fiji na Samoa wasiwachukue tu wachezaji wenye asili yao walioko New Zealand na Australia? Wanawachukua, ndani ya sheria. Unaruhusiwa kuichezea nchi ukizaliwa humo, au mzazi au babu au bibi yako akiwa amezaliwa humo, au ukiishi humo miezi 60 mfululizo. Tangu Januari 2022 kuna mlango mwingine: aliyeichezea nchi moja anaweza, mara moja tu maishani, kuhamia nchi aliyozaliwa au alikozaliwa mzazi au babu yake, mradi akae nje ya raga ya kimataifa miezi 36. Wanaume wa Tonga na Samoa waliufaidi sana mlango huo. Kwa wanawake haujazaa kiasi hicho. Nyota mwenye damu ya Samoa aliyekulia New Zealand, kama Ruby Tui ambaye baba yake ni Msamoa, ana kila sababu ya kubaki na Black Ferns, timu ya wanawake ya New Zealand, walioshinda Kombe la Dunia mara sita na wanaolipa.

Fiji kwa kweli inategemea wachezaji wa nyumbani kuliko majirani zake. Wapo waliokulia ng'ambo, mmojawapo Asinate Serevi, binti wa Waisale Serevi, gwiji wa raga ya saba kwa saba, lakini mhimili wa timu ni wanawake waliojifunzia Suva, Nadi na vijijini. Samoa ni kinyume chake: kikosi chao kinajazwa na wachezaji wa mashindano ya majimbo ya New Zealand, wengi wao wakiwa na kazi zao za kawaida.

England, Agosti 2025

Kombe la Dunia la 2025 lilipanuliwa hadi timu 16, na kwa mara ya kwanza Fiji na Samoa walikuwemo wote wawili. Samoa, ambao hawakuwa wameonekana tangu 2014, walifungwa 73-0 na Australia na 92-3 na England. Zile pointi tatu za penalti zilishangiliwa na uwanja mzima wa Northampton, jambo ambalo lilinigusa na kuniudhi kwa wakati mmoja. Ni vizuri kumpigia makofi mwanamke aliyeacha kazi yake ili aje kucheza. Ingekuwa vizuri zaidi kumpa mechi kumi kabla ya hiyo.

Fiji walianza York dhidi ya Kanada, wakafungwa 65-7. Hapa inabidi nijipinge kidogo, kwa sababu Kanada wanaiharibu hoja rahisi ya fedha. Chama chao kilikuwa hakina pesa za kutosha, kikachangisha kwa umma karibu dola milioni moja za Kanada ili kuiandaa timu, na bado timu ilifika fainali. Basi si fedha? Ni fedha kwa njia ya kuzunguka. Wachezaji wengi wa Kanada wanacheza ligi ya England, kwenye klabu zilezile na wachezaji walewale watakaokutana nao Kombe la Dunia. Wamepata mechi kwa gharama ya mtu mwingine. Mchezaji wa Fiji akimaliza Super W, hana pa kwenda namna hiyo. Kutoka Suva hadi London ni karibu kilomita 16,000, na klabu za England hazimfuati kijijini.

Mechi ya pili, Scotland walishinda 29-15. Linganisha na 84-19 ya miaka mitatu nyuma, ukikumbuka kwamba Scotland si England: Fiji walikuwa ndani ya mechi hadi mwishoni, na moli ya Scotland haikuwa muujiza tena kwao.

Halafu ikaja Exeter, tarehe 6 Septemba, Fiji na Wales, timu zote mbili zikiwa zimeshatolewa. Kocha wa Fiji alikuwa Ioan Cunningham, ambaye hadi mwishoni mwa 2024 alikuwa kocha wa Wales. Aliwajua wapinzani kwa majina, kwa mazoea na kwa udhaifu wao. Wales walikuwa wameanza kutoa mikataba ya kudumu tangu 2022. Fiji, chini ya nahodha Alfreda Fisher, walishinda 28-25. Walimaliza wa tatu katika kundi na Wales wakaburura mkia.

Mechi hiyo haikubeba tiketi ya robo fainali na magazeti mengi ya Ulaya yaliiandika kama habari ya masikitiko ya Wales. Kwangu mimi ilikuwa mechi yenye maelezo mengi kuliko zote za Fiji: timu yenye mishahara dhidi ya timu yenye misimu minne ya Super W na kocha anayeijua nyumba ya jirani, na tofauti ikawa pointi tatu.

Kombe la Dunia lijalo ni 2029, nchini Australia, kwenye viwanja ambavyo wanawake wa Drua wanavijua. Katika miaka iliyopo katikati, Wales watacheza Six Nations kila mwaka, mechi tano, hata wakifungwa zote kama walivyofungwa zote mwaka 2025. Fiji, waliowafunga, watakuwa na mechi za Super W, kisha Samoa, Tonga na Papua New Guinea katika Oceania, na zaidi ya hapo mechi za uhakika dhidi ya vigogo ni chache.